Haki ya Aliyefika Mwisho

Kila baada ya muda mmoja wenu hunijia hapa Jeddah, akaketi kwenye kochi langu, akanywa kahawa yangu, kisha akatoa simu na kunionyesha gari la mashindano analotaka kulinunua. Gari linang'aa. Limechorwa miale ya moto ubavuni. Nami humwuliza swali ambalo halipendi: ukilivunja Ijumaa, kesho yake utakwenda kazini na nini?

Wengi hucheka. Wanadhani mzee anatania.

Nitawaeleza kwa nini nauliza, lakini niacheni niende kwa mwendo wangu. Nimekuwa fundi wa magari umri wangu wote wa kazi, na sehemu kubwa ya umri huo niliitumia Riyadh, katika gereji moja nyuma ya soko la Batha. Mwenye gereji alikuwa Ami Mbarouk, Mzanzibari aliyehamia huku baada ya mwaka wa sitini na nne kama wazazi wangu. Hakuwa ami yangu wa damu. Vijana wote wa pwani tulimwita hivyo, na yeye alituita wote kwa jina moja, "we mtoto," hata waliokuwa na mvi.

Ile ilikuwa miaka ya neema ya mafuta. Kila ukitazama, winchi imeinama juu ya jengo. Watu wakinunua magari mapya na kuyatupa ya zamani yakiwa bado yana uhai, na yaliyotupwa yakaishia haraji, yaani kwenye mnada wa vitu chakavu. Nje ya mji, upande wa mashariki, kampuni moja ya ujenzi ilikuwa imekwangua udongo wa kujazia barabara ikaacha uwanda mgumu, mwekundu, mviringo kama sinia. Wahandisi wa kigeni walianza kushindana pale siku za Ijumaa, halafu vijana wa Kisaudi, halafu sisi.

Mashindano yalikuwa ya madaraja matatu. La juu lilikuwa la magari yaliyoundwa hasa kwa mbio, na vipuri vyake vilikuja kwa ndege. La kati lilikuwa la magari ya kawaida yaliyofunguliwa na kufungwa upya na mafundi wazuri. La chini tuliliita Haraji, kwa sababu gari lolote lililoingia humo lilitoka mnadani na lilikuwa njiani kurudi huko huko.

Anayeanza huuliza: daraja gani ni rahisi kuingia? Hilo si swali la kuuliza kwanza. Kuingia ni siku moja. Uliza ni daraja gani unaweza kukaa humo mwaka mzima. Nenda ukaangalie kabla hujanunua hata skrubu. Usitazame anayeongoza, tazama wale wa nyuma: wanarudi wiki ijayo au wanapotea? Kama wa nyuma wanapotea, daraja hilo linawala watu. Halafu nenda walipoegesha, uone wanabadilishana spana au kila mmoja ameficha boneti yake kwa turubai. Daraja la watu wanaofichana litakumaliza, hata kama wamekwambia ni la wanaoanza.

Haraji ilikuwa daraja la spana za kuazimana. Gari lenyewe halikuwa na mambo mengi. Unatoa vioo vyote, unachomelea milango isifunguke, unaondoa viti isipokuwa kimoja, unaweka fremu ya mabomba juu ya kichwa. Hapo kwenye mabomba, mkanda na kofia ngumu usibane matumizi, bania rangi. Tangi la mafuta unalihamisha mahali ambapo mwenzio hawezi kulifikia na bampa lake. Difu unalichomelea ili magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja, na kwa kuwa tulizunguka upande wa kushoto tu, matairi ya kulia tuliyajaza upepo zaidi. Gari likifungwa hivyo halipendi kwenda moja kwa moja. Linataka kona. Ukilipeleka dukani litakutia aibu.

Adui mkubwa alikuwa vumbi. Boza la maji lilipita kabla ya mbio kuulainisha udongo, lakini jua la Riyadh linakunywa maji kabla dereva wa boza hajashuka. Vumbi likiingia kwenye kabureta, injini inajisaga yenyewe. Ami Mbarouk ndiye aliyegundua dawa: soksi ndefu za kike, zile nyembamba, zilizolowekwa oili na kuvalishwa chujio la hewa. Alikwenda mwenyewe kuzinunua Batha, na kanzu yake na ndevu zake, akachagua nyingi. Muuza duka, Mpakistani mmoja, akamwuliza kwa adabu ni za saizi gani. Ami akafikiri. Akamwambia, "Za silinda nne."

Lakini Haraji haikuwa rahisi kwa sababu ya soksi. Ilikuwa rahisi kwa sababu ya kanuni moja, na naomba hapa mnisikilize vizuri, maana yote yaliyofuata yalitoka humo.

Mbio zikimalizika, yule aliyefika mwisho alikuwa na haki ya kubadilishana injini na aliyeshinda. Injini kwa injini, pale pale uwanjani, kabla ya jua kuzama. Asipotaka, haki ilipanda kwa aliye mbele yake, na kuendelea. Masharti yalikuwa mawili tu. Lazima uwe umemaliza mbio kwa nguvu za gari lako mwenyewe, bila kusukumwa. Na mshindi hawezi kukataa. Akikataa anatoka Haraji yeye na gereji yake nzima.

Kanuni hiyo waliiweka Ami na wazee wenzake wachache. Mimi mwanzoni niliiona ya ajabu. Yeye akanieleza huku akipangusa mikono. Alisema mtu akijua kwamba injini yake inaweza kuondoka, hataleta injini asiyoweza kuiacha. Matajiri wangekuja na injini zao za kuletwa kwa ndege mara moja tu. Na wa mwisho angekuwa na sababu ya kumaliza. "Daraja la masikini," alisema, "linalindwa na wa mwisho."

Sasa Salum.

Salum alikuwa kijana wa Mombasa, amekuja kwa mkataba wa udereva. Kafili wake, yaani mdhamini wa kazi na makazi yake, alikuwa mzee mmoja wa Kisaudi tuliyemwita Baba Nasir, mwenye duka la mboga mtaa wa Malaz. Salum aliendesha pikapu ya duka: alfajiri anachukua mboga sokoni, mchana anazipeleka majumbani. Baba Nasir alikuwa mtu wa maneno machache na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameahidi kumwekea Salum saini ya kumleta mkewe, Mwanakombo, na mtoto wao mchanga ambaye baba yake alikuwa hajamwona. Salum alikwisha kukodi chumba Malaz, akakipaka rangi ya kijani isiyoiva, akanunua pazia la maua. Pazia hilo alituonyesha sote gereji. Alilikunjua juu ya boneti ya gari la mteja, na Ami akamwambia aliondoe kabla halijaota madoa.

Alikuwa mcheshi, na alikuwa dereva mzuri kuliko gari lake. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ni ya wengi wenu: hakuweza kukaa nyuma ya mtu. Hata barabarani na mboga zake, akiona gari mbele alijisogeza kwenye usukani.

Wiki moja injini ya gari lake la Haraji ilikufa. Pistoni ilitoka ubavuni. Alhamisi duka lilipofungwa, Salum akaitoa injini ya pikapu, ambayo ilikuwa ya aina ile ile, akaifunga kwenye gari la mbio. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Ijumaa pikapu hulala. Atakimbia alasiri, jioni atairudisha, Jumamosi alfajiri yuko sokoni kama kawaida.

Uwanjani Ami alifungua boneti, akatazama. Injini ilikuwa safi mno.

"Hii ya nani?"

"Ya pikapu, Ami. Naiazima tu. Nitakwenda katikati ya kundi. Anayeombwa injini ni mshindi, mimi sishindi leo."

Ami akafunga boneti taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. "Basi usishinde," alisema.

Salum alikwenda katikati, kweli. Mizunguko karibu yote alikuwa katikati, nasi tukipumua. Katika mzunguko wa mwisho magari mawili yaliyoongoza yakakamatana bampa kwenye kona, yakateleza pamoja mpaka kwenye mchanga wa nje. Wa tatu akakwepa akasimama. Mbele ya Salum uwanja ukawa mtupu. Angeweza kuondoa mguu. Alishinda.

Alipotoka dirishani alikuwa anacheka bado, halafu akauona uso wangu, na kicheko kikamwisha.

"Ami, njia ilifunguka yenyewe."

"Njia ikifunguka, mguu nao hufungwa kwenye mafuta?"

Wa mwisho siku ile alikuwa Awadh, fundi wa viti vya magari, mtu wa Hadhramaut, mpole. Injini yake ilivuta moshi kama jiko la kuni, na alikuwa ameivumilia msimu mzima akingoja siku ya bahati. Akaomba. Salum alimsihi kando, akamweleza habari ya pikapu na kafili. Awadh alimhurumia, nilimwona akimshika bega. Lakini akasema, kila mtu hapa ana maneno yake ya kusema, na tukianza kuyasikiliza kanuni imekwisha. Wote wawili wakamtazama Ami Mbarouk. Salum alikuwa kijana wake, anakula sahani moja naye. Ami akaelekeza kidevu upande wa Awadh, akaenda kuchukua winchi ya mkono.

Jumamosi asubuhi Baba Nasir alifungua boneti ya pikapu yake akaona ardhi.

Sisi tulikuwa tumeshapeleka mboga kwa lori la gereji, ili duka lisikae tupu. Mzee yule hakupiga kelele. Alisikiliza hadithi yote amesimama, tasbihi mkononi, kisha akasema injini yake irudi kabla ya Jumamosi nyingine. Si nyingine, ile ile. Isiporudi, halas, yamekwisha. Wala hakutaja ile saini ya Mwanakombo, na kutoitaja kwake ndiko kulikomtisha Salum.

Kwa hiyo ikabaki njia moja, na ilikuwa halali kabisa. Awadh sasa ana injini nzuri. Ijumaa lazima atashinda. Salum ana injini ya moshi ya Awadh. Ijumaa lazima atakuwa wa mwisho. Amalize tu, awe wa mwisho, aombe, Awadh ampe. Awadh mwenyewe alituambia atakuja na spana zake kuifungua.

Wiki ile Ami aliikalia injini ile mbovu kama daktari. Hakuitengeneza ili ikimbie, aliitengeneza ili isife. Na hii ni elimu, vijana, ichukueni: kutengeneza gari lifike ni kazi nyingine kabisa na kutengeneza gari lishinde. Alipunguza moto wa plagi, akaweka oili nzito, akafungua rejeta akaisafisha mpaka maji yakapita bila kelele. Kila jioni alimweka Salum kwenye kiti, injini imezimwa, akamwambia ashike usukani na atulie. "Leo unatufundisha nini, Ami?" tulimtania Salum kwa sauti ya kitoto, tukijifanya yeye ndiye mwalimu. Hakucheka. Wiki ile hakucheka kabisa.

Maneno ya Ami yalikuwa machache. Usishindane. Maliza. Kuna mtu nyuma yako, mngoje apite. Hakuna mtu nyuma yako, umefika.

Ijumaa Awadh alitoka mbele mapema na hakuna aliyemgusa. Salum alibaki nyuma ya wote, moshi mweupe ukimfuata. Mbele yake kidogo tu alikuwa Idris, Msudani, dereva wa boza lile lile la maji, na gari ambalo naona aibu kulieleza. Watu waliokaa juu ya malori yao walikuwa wanajua kisa chote, maana Riyadh ya Waswahili ilikuwa mtaa mmoja, na baadhi yao waliona raha. Kila Salum alipopita wakampigia vigelegele. "Bibi harusi huyo! Mpisheni, atachafua hina!" Mmoja alivua kilemba akakitandika chini, kama anamtandikia mkeka. Nilicheka na mimi kidogo, ilikuwa vigumu kutocheka. Salum alikuwa haangalii upande wowote.

Katika mzunguko wa mwisho, kwenye kona ya mbali, Idris alipoteza gari. Likazunguka likasimama kando ya njia, limezimika, pua inatazama alikotoka. Salum alikuwa nyuma yake. Alichotakiwa kufanya ni kusimama. Kanuni haikukataza kusimama. Asimame, angoje Idris awashe, ampishe, amfuate.

Ami alikuwa ameshafika ukingoni anapunga kitambaa chake chini, chini, simama. Salum alimwona. Hilo aliniambia mwenyewe baadaye. Na kweli alipunguza mwendo, gari likawa karibu kusimama kabisa. Halafu wale wa juu ya malori wakainuka wote pamoja na vigelegele vyao, wakimwita bi harusi ashuke avuliwe viatu.

Akakanyaga. Akampita.

Idris aliwasha gari lake, likakohoa, likaja polepole mpaka mstarini, kwa nguvu zake lenyewe, wa mwisho.

Haki ilikuwa yake. Salum alitoka akamfuata akiwa na kofia bado kichwani. Akazungumza kwa Kiarabu chake cha sokoni, akamwomba aiache haki ipande kwake, yeye ndiye anayefuata, na akamtajia mkewe na mtoto. Idris alikuwa ameshika kifuniko cha rejeta yake iliyokuwa inatoa mvuke. Naye alikuwa na kafili, na ikama, kile kibali cha kuishi, na watu kwao. Gari lile lilikuwa furaha yake peke yake katika nchi hii. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi nilikuwa mbele yako. Wewe ulinipita."

Ami alikwenda kuchukua winchi.

Jumamosi Ami alimpelekea Baba Nasir injini nyingine, nzuri zaidi, iliyokuwa akiba ya gereji, akaifunga yeye mwenyewe mbele ya duka. Mzee aliipokea akamshukuru, akamletea chai. Kisha akamwambia maneno ambayo Ami alikuja kutueleza akiwa amekaa juu ya ndoo. Alisema injini ameipata, lakini mtu hajampata. Kijana amepewa nafasi mbili, na mara zote mbili alijua la kufanya. Mkewe atamletaje katika nchi ya watu, amtegemee nani? Akamkatia tikiti ya kurudi kwao, na haki zake zote akampa.

Niliwahi kumwuliza Ami, miaka mingi baadaye, kama siku ile ya kwanza hakutamani kuiacha kanuni kwa ajili ya kijana wake. Alisema alitamani hivyo siku ya kwanza na ya pili, na kwamba Haraji iliendelea miaka mingine kadhaa bila mtu hata mmoja kuleta injini ya kazi uwanjani. Alisema hivyo lakini hakuonekana mtu aliyefarijika. Baadaye mji ukafika mpaka pale. Leo ni mtaa wa maghorofa. Nikienda Riyadh hupita, na dereva wa nyuma yangu hunipigia honi kwa sababu napunguza mwendo mahali ambapo hapana kona.

Kwa hiyo chagueni daraja la chini, wanangu, na msilionee haya. Anzeni na gari ambalo likifa mtalizika mkacheka. Gari la kazi liacheni nyumbani, hata boliti yake moja. Na kabla ya kujifunza kupita, kaeni msimu mzima mkijifunza kupitwa. Hilo hamtafundishwa na mtu yeyote, na ndilo ghali kuliko yote. Mimi nipo. Njooni na magari yenu nitawaonyesha kufunga chujio. Soksi leteni wenyewe.

Nilimsindikiza Salum mpaka hapa Jeddah, kwa gari la gereji, safari ya siku nzima. Ndugu zangu walimpikia. Alasiri tukakaa kizingitini tukingoja wakati wa kwenda uwanja wa ndege. Alikuwa na begi moja, na juu yake lile pazia la maua limekunjwa, halijatundikwa hata siku moja. Alikuwa anazinyoosha pembe zake kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine.

"Suleiman," aliniambia, "ningesimama pale, wangenicheka."

"Wangekucheka mpaka Maghribi," nikamwambia. "Halafu wangekwenda kula."

Akaitikia kwa kichwa. Akalikunjua pazia lote, akaanza kulikunja upya.